Vitofali vya Uani kwa Mwalimu Ban

Katika wilaya nzima ya Goesan hapakuwa na fundi wa pevingi aliyechimba kwenda chini kama Maeng Du-sik. Wenzake walikwangua udongo juu juu, wakamwaga mchanga, wakapanga vitofali, wakala chakula cha mchana na kwenda zao. Du-sik alichimba mpaka majirani wakauliza kama anatafuta maji. Alijaza kokoto, akashindilia, akajaza tena, akashindilia tena, na mwenye nyumba alikuwa na bahati akiona kitofali cha kwanza siku ya tatu. Lakini njia aliyoitengeneza miaka ishirini iliyopita ungeweza mpaka leo kuweka juu yake bakuli la supu lililojaa pomoni, na tone lisimwagike.

Alikuwa mgane wa miaka tisa mwenye binti mmoja mjini Busan, umri wake sitini na mmoja, mikono migumu kama magome ya mti, na haya za mwari. Alifanya kazi na dada yake, Hwa-ja, mwanamke wa miaka hamsini na minne ambaye aliendesha mashine ya kushindilia na pia aliendesha maneno, maana kaka yake aliweza kumaliza siku nzima kwa maneno saba, na matatu kati ya hayo yakawa "lete uzi huo". Wateja walizungumza na Hwa-ja. Du-sik alizungumza na ardhi.

Mwezi wa nne waliitwa na Mwalimu Ban Jeong-im. Huyu alikuwa amefundisha wasichana mpira wa wavu mjini Cheongju kwa miaka thelathini, akastaafu, akarudi kukaa katika nyumba ya marehemu wazazi wake, kwenye mteremko juu ya kijiji. Hakuwahi kuolewa, kwa sababu, kama alivyowajibu waliouliza, kila Jumamosi alikuwa na mechi. Mwaka uliotangulia alikuwa amemwita fundi mmoja wa mjini amtengenezee njia ya gari kutoka getini mpaka mlangoni. Fundi yule alimaliza kazi kwa siku moja na nusu. Baridi ilipokuja ardhi ikaganda na kuvimba, na barafu ilipoyeyuka gari dogo la Mwalimu likachimba mifereji miwili, kila mmoja na maji yake, na katika maji hayo vyura wakahamia na jamaa zao wote.

Mwalimu aliwapokea getini, mikono kiunoni, kama mtu anayekagua timu ya wageni.

"Utachimba kiasi gani?" akauliza.

Du-sik alikunja mkono, akaonyesha kutoka ncha za vidole mpaka kwenye kiwiko.

"Yule wa kwanza alinionyesha kidole."

"Ndiyo maana una vyura, Mwalimu," akasema Du-sik.

Mwalimu Ban akacheka. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko mwili wake, kilichozoea kumbi za michezo, kikagonga ukuta wa nyumba, kikavuka bustani ya pilipili, kikarudi. Du-sik alikuwa ameshika futi kamba. Ikamponyoka, ikajikunja mpaka ndani ya kasha lake kwa kishindo. Hwa-ja alimtazama kaka yake, akamtazama Mwalimu, akaitazama futi kamba.

Kazi ilichukua siku sita. Mwalimu hakukaa ndani hata siku moja. Alibeba vitofali mwenyewe, vinne vinne, akauliza maswali kama mtoto wa darasa la kwanza, na Du-sik, ambaye hakuwahi kumweleza mtu jambo lolote, akaeleza. Alimwambia kwamba kinachobeba gari ni kokoto, mchanga ni godoro tu. Alimwambia kuwa kingo za zege za pembeni ni kama wazazi: zikilegea, watoto wote hutawanyika. Alimwonyesha kwa nini vitofali vya njia ya gari hupangwa kwa mtindo wa mifupa ya samaki, kila kimoja kikimwegemea mwenzake kwa upande, ili gurudumu likisukuma kimoja likute kijiji kizima kimekishika mkono. Hwa-ja alizima mashine ili asikie vizuri. Alikadiria kwamba kwa saa ile moja kaka yake alitumia maneno ya mwaka mzima.

Siku ya mwisho, walipokwisha kufagia mchanga kwenye nyufa na kupitisha mashine mara ya mwisho, Mwalimu Ban aliingia ndani na kutoka na mpira wa wavu. Aliuweka katikati ya njia, taratibu, akarudi nyuma hatua tatu. Mpira ukatulia, kana kwamba unafikiri. Kisha ukaanza kujongea kuelekea upande wa mfereji wa maji ya mvua uliokuwa karibu na geti, polepole, bila kurukaruka, kama mzee anayekwenda sokoni. Mteremko ulikuwa sawasawa. Mwalimu akapiga makofi. Ila hakuna aliyekumbuka kufunga geti, na mpira ulipofika barabarani ukapata mwendo, ukateremka kilima, na Du-sik akaufuata mbio na mabuti yake ya mpira, akapita nyumba tatu, mpaka ndani ya shamba la vitunguu saumu la Bwana Pyo, mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti Pyo alikuwa akipalilia. Alimwona mtu mzima anarudi kilimani, kakumbatia mpira kifuani, anatabasamu peke yake. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na habari.

Waliagana. Zikapita wiki tatu ambazo Du-sik alizipitisha kwa kusafisha vifaa ambavyo vilikuwa safi. Kisha simu ikalia. Mwalimu Ban alisema kwamba kweli njia ya gari ni nzuri, lakini amegundua hana njia ya miguu ya kwendea kwenye mitungi ya mchuzi wa soya nyuma ya nyumba, na mvua ikinyesha anakanyaga matope. Du-sik alishafika kwenye lori kabla dada yake hajaweka simu chini.

Mwalimu aliwaonyesha mahali njia itakapoishia. Hwa-ja akatazama. Palikuwa na majani, na kipepeo.

"Mitungi yenyewe iko wapi, Mwalimu?"

Watu wa upande ule husema polepole na hawapendi kulikabili jambo uso kwa uso. Mwalimu aliangalia milima kidogo, akaangalia nguo zilizoanikwa.

"Inakuja," akasema.

Du-sik hakuona tatizo lolote katika jibu hilo. Yeye alikuwa na shauri lake mwenyewe: njia isiende moja kwa moja, bali ipinde kuuzunguka mti wa matunda, mpasimoni, uliokuwa uani. Maana ya kupinda ni kukata vitofali kimoja kimoja kwa grenda, na maana ya kukata kimoja kimoja ni siku nane badala ya tatu.

"Kaka, ikinyooka tunamaliza Jumatano," Hwa-ja akamnong'oneza.

"Mti una mizizi."

"Mizizi iko upande ule mwingine."

Du-sik akatazama mbingu kama anayepima mvua.

"Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki," akasema dada yake, akivaa glavu. "Na wewe kaka yangu naona una pumu kabisa."

Siku ya tano lilikuja lori dogo likiwa na mitungi mitatu mikubwa ya udongo, myeusi, inang'aa. Mwalimu alisimamia ushushaji wake kwa uso wa mtu anayerudishiwa mali yake ya zamani. Saa ya kupumzika, alipokuwa jikoni akiwachemshia tambi, Hwa-ja alikwenda mpaka kwenye mitungi na kufunua kifuniko cha kwanza. Ndani palikuwa na karatasi ya bei. Akafunua cha pili: karatasi ya bei. Chini ya cha tatu palikuwa na karatasi ya bei na buibui. Akavirudisha vyote taratibu, akaja akala tambi zake kwa adabu, akashukuru, akafanya kazi mpaka jioni. Walipoondoka alisimamisha lori kwenye kituo cha mafuta kwa sababu kicheko hakikumruhusu kuona barabara. Kaka yake alipouliza kulikoni, alishindwa kumwambia, na baadaye akaamua kwamba heri asimwambie, maana angeweza kuona haya kwa niaba ya Mwalimu na asirudi tena.

Mwezi wa saba mvua kubwa za mwaka zikaanguka wiki mbili mfululizo. Nyua za kijiji zikawa uji. Ua wa Mwenyekiti Pyo, uliotengenezwa na fundi yuleyule wa mjini, ulizama upande mmoja hata kuku wakakataa kuuvuka. Asubuhi ya siku ya kumi Du-sik alivaa koti la mvua, akamwambia dada yake anakwenda kukagua kazi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote, akaendesha lori njia nzima kwa mwendo wa konokono.

Alimkuta Mwalimu Ban amesimama kwenye njia ya gari, pekupeku, mwavuli mkononi, akitazama maji yakishuka kwenda mferejini kama yalivyoamriwa. Vitofali vilikuwa vimeoshwa, vyekundu kama vimetoka tanuruni leo. Hakushangaa kumwona. Alisogeza mwavuli upande mmoja ili ufunike wawili. Du-sik akasema vitofali havidhuriki na mvua. Mwalimu akasema mwavuli si wa vitofali. Basi wakasimama pale, bega kwa bega, wakiyatazama maji, na kila baada ya muda mmoja wao alisema kwamba yanakwenda vizuri, na mwingine alikubali.

"Maji yalikwenda?" Hwa-ja aliuliza kakake aliporudi.

"Yalikwenda."

"Kwa saa mbili?"

Du-sik akaenda kubadili soksi. Usingizi wa siku ile ulikuwa wa vipande vipande, na katika kila kipande alikuwa chini ya mwavuli.

Mwezi wa tisa ikaja kazi ya tatu. Mwalimu alitaka baraza la nje, nyuma ya nyumba, la kukaa watu na kula na kufanyia shughuli. Du-sik alitembea na uzi wake, akapima, akaona mahali alipoonyeshwa panafika mita sita kwa sita.

"Ni kubwa," alisema. "Litakuwa la watu wangapi, Mwalimu?"

"Mmoja," akajibu. Akang'oa jani kwenye mche wa pilipili, akalizungusha vidoleni. "Kwa sasa."

Hayo maneno mawili yalimfanya Du-sik mtu wa hatari. Alipanga safu tatu zikaelekea kusini badala ya mashariki, ikabidi Hwa-ja azing'oe. Aligonga kidole gumba kwa nyundo ya mpira na akaiomba nyundo msamaha. Alitia chumvi kwenye kahawa, akainywa yote, akasema ni tamu. Aliimba. Sauti yake ilikuwa kama ya toroli lisilopakwa mafuta, na hakujali, na Mwalimu kutoka dirishani alimwitikia wimbo huohuo kwa mahadhi tofauti kabisa. Hwa-ja aliyekuwa katikati yao aliwasha mashine ya kushindilia hata pasipohitaji kushindiliwa.

Lakini hata mita thelathini na sita za mraba zina mwisho. Alasiri moja Du-sik alijikuta amepiga goti na kitofali kimoja mkononi, na mbele yake nafasi moja. Alikigeuza. Akakifuta kwa kiganja. Akakigeuza tena.

"Weka basi, kaka, jua linatua," alisema Hwa-ja, ingawa safari hii alisema kwa upole.

Akaweka. Kilikaa sawasawa, bila hata kuhitaji nyundo, na hilo likamuuma. Mwalimu Ban alikuja akasimama kando yake. Mbele ya nyumba palikuwa pamepangwa vitofali, ubavuni palipangwa, nyuma palipangwa.

"Imekwisha," alisema Du-sik.

"Naona."

Wote wawili wakageuka wakaitazama bustani ya pilipili, kipande pekee cha udongo kilichobaki.

"Pilipili siwezi kuzing'oa," Mwalimu alisema, kama anayeomba radhi.

Wiki nyingi zilizofuata Hwa-ja aliishi na mtu aliyekula bila kujua anakula nini. Walipata kazi nyingine na walizifanya, lakini jioni Du-sik aliibomoa njia ya nyumbani kwake, iliyokuwa nzima, na kuipanga upya. Alipomaliza akaibomoa tena. Dada yake alimwambia ampigie Mwalimu simu. Alijibu kwamba hana sababu. Hwa-ja akamwambia watu wengine hupigiana simu bila sababu, na Du-sik alimtazama kama amemwambia watu wengine huruka angani.

Sababu ikaja yenyewe mwezi wa kumi na moja, siku za kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, ya msimu wa baridi. Mwalimu Ban alikuwa amewapa wanawake wa kijiji baraza lake lote: kabichi mia tatu, zipakwe pilipili hapo, kila mtu aondoke na fungu lake. Aliwaalika mafundi pia. Alisema lori la kabichi ni zito, litapita juu ya njia ya gari, na ingefaa fundi mwenyewe awepo, likitokea la kutokea.

Lori lilikuja likiendeshwa na Mwenyekiti Pyo, limejaa mpaka kamba zinalia. Wanawake wakaacha kukata figili. Du-sik alisimama pembeni, mikono ameishika nyuma. Magurudumu ya mbele yakapanda, ya nyuma yakapanda, lori likaenda mpaka mwisho, likafunga breki kwa nguvu mahali palepale ambapo zamani vyura walikaa. Hakuna kitofali kilichosogea. Mwenyekiti alishuka, akainama, akapitisha kidole kwenye nyufa, akasema kwamba na yeye anataka achimbiwe mpaka kwenye kiwiko, gharama si neno. Du-sik hakumsikia. Mwalimu Ban alikuwa anamtazama huku anacheka, na amevaa aproni nyekundu.

Kazi ikaanza. Mwalimu aliwapanga wanawake kama timu: hawa wa kuosha, hawa wa kupaka, hawa wa kufunga, wazee katikati wasichoke kwa kutembea. Hwa-ja alishika zamu kwenye beseni kubwa. Sufuria ya nyama ya nguruwe ilichemka pembeni, harufu ikawapigisha watu miayo ya njaa. Nyama ilipoiva Mwalimu alichukua jani la kabichi lililopakwa, akaweka kipande cha nyama, akakunja, akatembea kuvuka baraza lote na glavu zake zenye pilipili mpaka viwiko, akamlisha Du-sik kwa mkono wake.

Kulishana siku hiyo ni kawaida, kila mmoja hulisha mwenzake. Lakini Mwalimu hakuwa amemlisha mtu mwingine yeyote. Hwa-ja alikuwa akihesabu, na baada ya hapo ikaonekana wenzake wote walikuwa wakihesabu pia, kwa sababu visu vilinyamaza. Du-sik alitafuna. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko nyama ilivyohitaji. Akameza.

"Mwalimu," akasema, "vitofali hivi havijawahi kupita baridi. Ardhi ikiganda huvimba. Lazima mtu awe anakuja kukagua."

"Mara ngapi?"

"Kila wiki."

"Kila wiki tu?"

"Ingefaa kila siku."

Mwalimu alifikiri. "Na baridi yenyewe si huwa kali alfajiri?"

"Alfajiri, ndiyo."

"Na kwako ni mbali."

"Ni mbali," Du-sik alikubali. Jasho lilikuwa linamtoka, na hewa ilikuwa ya nyuzi joto nne tu. "Itabidi mkaguzi asitokee mbali."

Mahali fulani figili ilianguka. "Kaka," Hwa-ja akasema kutoka kwenye beseni, "sema kama mtu, bado tuna kabichi mia mbili hapa."

Du-sik akavua kofia. "Nina miaka sitini na mmoja," akasema. "Nakoroma. Nachimba sana. Unaonaje nikikaa hapa na wewe?"

Mwalimu Ban aliitazama milima, akaitazama sufuria. "Nyumba ina vyumba viwili vya kulala," alisema mwishowe. "Kile cha kaskazini kina baridi. Siwezi kukuweka humo."

Wanawake walielewa papo hapo. Kicheko kilianzia kwa wazee katikati, kikaenea mpaka kwa wafungaji. Hwa-ja alikaa juu ya lundo la kabichi, hakuweza kusimama. Du-sik peke yake ndiye aliyebaki akisikitika kidogo kwa habari ya chumba chenye baridi, akataka kushauri jinsi ya kuziba nyufa za ukuta, mpaka Mwenyekiti Pyo alipomshika bega na kumwelezea sikioni. Hapo damu ikampanda usoni, akawa mwekundu kuliko kitu chochote kilichokuwa kwenye mabeseni.

Pombe ya mchele ikatoka garini mwa Mwenyekiti, ambaye alisema aliiweka tu, kwa bahati. Mtu akafungulia muziki kwenye simu. Wakacheza, mabuti ya mpira na glavu nyekundu, bibi wa miaka themanini akimzungusha Du-sik kama pia, watu thelathini wakirukaruka juu ya baraza lile, na hata katika raha ile isiyo na kipimo nyayo za Du-sik ziliendelea zenyewe kusikiliza kama kuna kitofali kinacholegea. Hakuna kilicholegea. Mwalimu alicheza vibaya, kwa nguvu zote, akiwakanyaga watu na kuwaomba radhi huku akiendelea kuwakanyaga.

Kabichi zilizobaki zilipakwa hovyo. Nyingine zilipata pilipili mara mbili, nyingine hazikupata kabisa, na majirani walilalamika mpaka mwezi wa pili, wakati wa karamu ya arusi, na hata kwenye karamu yenyewe. Hwa-ja aliandika jina lake ubavuni mwa lori na kuchukua kazi zote za chini ya bonde, akianza na ua wa Mwenyekiti. Huchimba mpaka kwenye kiwiko, na huongea wakati wote wa kuchimba.

Lakini siku ile ile ya kimchi, kabla muziki haujazimwa, Du-sik alijitenga kando ya ukuta ampigie simu binti yake aliyeko Busan. Alikuwa ameshika zamu ya kabichi, na hakukumbuka kuvua glavu. Alipaka simu pilipili, akapaka sikio, na binti yake alipopokea, Du-sik akajifuta macho. Yule binti alisikia baba yake, ambaye hajawahi kumpigia bila sababu, anavuta kamasi na kushindwa kutamka neno, na nyuma yake kelele za watu wengi. Akaogopa. Akauliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa, mwanangu," alisema Du-sik, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni. "Ni pilipili."

Na nusu yake ilikuwa kweli.